Naombeni ushauri: vitu vidogo vya kila siku vinavyorudisha furaha, sina shida kubwa ila nimekuwa mtu wa kununa tu

Baba_Wawili

Habarini za jioni wakuu. Naomba nieleze kwa urefu kidogo mnivumilie.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, nakaa Chanika, kazi yangu iko Kariakoo nauza vitenge kwenye duka la mtu. Naamka saa kumi alfajiri, saa kumi na nusu niko kituoni kwa sababu nikichelewa pale Gongo la Mboto foleni inanimaliza, narudi nyumbani saa tatu usiku watoto wameshalala. Siku sita kwa wiki, mwaka wa tisa sasa.

Kilichonileta hapa ni kwamba wiki iliyopita tulikuwa tunakula na mke wangu akaniuliza, hivi mara ya mwisho ulicheka lini? Hakuuliza kwa ubaya wala kwa kunisema, aliuliza tu kama mtu anayeulizia chumvi. Nikatafuta jibu nikakosa. Nimelala na lile swali mpaka leo.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba sina shida ya kusema ndo hii. Watoto wawili wazima, mkubwa ana miaka saba mdogo mitatu, mke hana tatizo, kazi ipo. Kiwanja nilinunua 2017 nikawa najenga kidogo kidogo, mwaka jana tukahamia kwetu. Na miaka yote hiyo nilikuwa najisemea nikihamia kwangu ndo nitapumua. Nimehamia, mwezi wa kwanza nilikuwa natoa kiti nje usiku nakaa naangalia ukuta tu nasema huu wangu, mwezi wa pili yakaanza mawazo ya geti, ya kisima, ya tailizi, yaani ile furaha imeenda wapi mi sijui, sasa hivi napita pale kwenye ukuta kama napita kwa jirani.

Hela ya kwenda mapumziko sina na muda sina. Naomba mniambie vitu vya kila siku, vidogo, anavyoweza mtu wa ratiba kama yangu, na kama inawezekana uniambie wewe mwenyewe ulifanya ukaona mabadiliko. Swala naswali alhamdulillah, kwa hiyo tusiishie hapo tu.

---

Mpambanaji_Mbeya

Mkuu mimi nitasema ukweli wangu, asilimia kubwa ya mawazo ya mwanaume ni hela. Nilikuwa na mikopo ya simu miwili, riba inapanda kila siku, wakawa wanapigia mpaka shemeji zangu. Kipindi kile ungeniambia nifurahie jua linavyochomoza ningekuona hunielewi kabisa. Siku nimemaliza kulipa wa mwisho nililala saa kumi na moja mfululizo, mke wangu akawa anakuja kuangalia kama napumua.

Lakini nisikuache bila kitu. Kilichonisaidia nilikuwa na daftari la shule la kurasa 48, kila jioni dakika tano naandika nimeingiza ngapi, nimetoa ngapi, nadaiwa ngapi na nani. Mwanzoni inauma. Ila ile hofu ya hela inakaa pale ambapo hujui unadaiwa kiasi gani, ukishaiona namba inakuwa ni namba tu, unaanza kuipunguza. Mpaka leo naandika na deni sina.

---

Nesi_wa_Moro

Kaka pole sana, na hongera kwa kusema maana wanaume wengi wanakaa nayo kifuani mpaka inatoka kama ugonjwa mwingine.

Kabla ya tabia ndogo ndogo naomba unijibu hapa kwa ukweli. Usingizi wako ukoje? Hamu ya kula ipo? Vitu ulivyokuwa unavipenda, mpira, mziki, tendo la ndoa, bado vina ladha? Unajiona huna thamani? Umewahi kuwaza bora usingekuwepo? Nauliza hivyo kwa sababu kama huzuni au kukosa hamu kumekaa karibu kila siku kwa wiki mbili na kuendelea, pamoja na usingizi kuvurugika, mwili kuchoka bila kazi, kujilaumu, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa wenye matibabu, haitibiwi kwa kuamka mapema na kunywa maji. Unaenda kituo cha afya unaeleza, wanakupa rufaa, kwa Dar hata Muhimbili kuna idara ya afya ya akili. Na yule wa kuwaza bora asiwepo asisubiri kesho, anaenda siku hiyo hiyo na mtu wake wa karibu.

---

Baba_Wawili

Asante dada yangu. Kula nakula, mambo ya kutaka kufa hapana kabisa, wala sijioni sina thamani. Mpira naangalia ila simalizi. Usingizi ndo mbaya, nikishakula naenda kitandani na simu, najiambia dakika kumi tu nipumzishe akili, nakuja kushtuka saa sita saa sita na nusu. Na saa kumi alamu inalia.

---

Nesi_wa_Moro

Haya kaka, sasa tuhesabu pamoja. Saa sita na nusu mpaka saa kumi ni saa tatu na nusu. Mtu mzima anatakiwa walau saa saba. Wewe unaishi kwa nusu ya usingizi miaka tisa, halafu unajiuliza kwa nini hucheki. Mimi nikifanya zamu mbili za usiku mfululizo mtoto wangu akidondosha kikombe nalia, siyo kwamba kikombe ni cha thamani, ni ubongo umechoka. Kwa hiyo tabia yako ya kwanza mi naipendekeza hii na usianze nyingine mpaka hii ikae: simu inalala sebuleni. Utaniambia simu ndo alamu, nunua saa ya mezani, zipo hapo hapo Kariakoo mlango wa pili kutoka dukani kwako.

Ya pili ni mwanga. Unatoka giza unarudi giza, mchana kutwa uko ndani ya duka chini ya taa. Mwanga wa asubuhi ndo unaouambia mwili kwamba siku imeanza, na mwili ukishajua siku imeanza lini unajua pia usiku ulale lini. Ukifika Kariakoo jua likichomoza simama nje dakika kumi, kumi na tano, kabla hujaingia. Usiangalie simu. Angalia watu wanavyopanga biashara, basi.

Saa saba hutazipata kwa ratiba yako najua, ila ukilala saa nne unapata sita. Kutoka tatu na nusu hadi sita ni mwanadamu mwingine.

---

Mwalimu_Mstaafu_Tanga

Assalaam aleikum kijana wangu.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, nikastaafu 2015, na mwaka uliofuata mama watoto akatangulia mbele ya haki. Watoto wako mbali. Nikajikuta mtu ambaye asubuhi hakuna kengele inayomngoja na jioni hakuna mtu wa kumuuliza amechelewa wapi. Nilikaa hivyo miezi kama minane. Nilikuwa nakula mkate na chai mara tatu kwa siku kwa sababu kupika chakula cha mtu mmoja kulikuwa kunaniumiza moyo.

Kilichonitoa si kitu kikubwa. Mtaani kwetu kuna kijiwe cha kahawa, mabenchi mawili chini ya mkungu, dele moja na kashata za nazi. Nilikuwa napita tu nikisalimia. Siku moja muuza kahawa akanimiminia kikombe bila kuniuliza akasema, mwalimu kaa. Nikakaa. Kesho yake nikarudi. Wiki ya tatu nikaugua homa, siku mbili sikutoka, siku ya pili jioni nikasikia hodi, mtoto ametumwa, "wanauliza mwalimu vipi leo". Wallahi nililia baada ya yule mtoto kuondoka. Nilikuwa nimeshajihesabu kwamba nikifa watanigundua kwa harufu.

Tangu hapo alasiri ikiisha mimi niko kijiweni, kila siku ya Mungu, na kila siku namlipia kahawa mtu mmoja. Kikombe ni hela ndogo, hata pensheni ya mwalimu inaiweza. Anayelipiwa hajui ni zamu yake. Huo ndio mchezo wangu wa uzeeni na sijui kama kuna kitu kinanipa raha kwa siku nzima kuliko ile dakika ya kusema "cha huyu kiko kwangu".

Sasa nikuulize wewe. Hiyo daladala ya saa kumi na nusu, kwa miaka tisa, watu ni wale wale. Unawajua wangapi kwa majina?

---

Baba_Wawili

Shikamoo mwalimu. Swali lako limenipiga. Hakuna hata mmoja. Kuna mama mmoja wa ndoo za samaki, kuna mlinzi anatoka zamu, kuna vijana wa ujenzi, sura zote nazijua. Navaa earphone naegemea dirisha.

---

Saiko_Mlimani

Nimesoma hapa tangu mwanzo, mi ni mwanafunzi wa saikolojia mwaka wa tatu, nimeona alichosema mwalimu nikashindwa kukaa kimya kwa sababu kuna utafiti unaelezea hiyo hiyo daladala. Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliuchapisha 2014, walienda kwa watu wanaopanda treni kwenda kazini Chicago, wengine wakaambiwa leo ongea na mtu usiyemjua, wengine kaa kimya peke yako, wengine safiri kama ulivyozoea. Watu walipoulizwa watabiri walisema kuongea na mgeni kutawaharibia safari, matokeo yakawa kinyume, walioongea ndo waliosema safari ilikuwa nzuri. Yaani kila mtu alidhani mwenzake hataki kusumbuliwa, kumbe wote wanangoja mmoja aanze. Na hao ni Wamarekani wa mjini, sembuse sisi ambao kumpita mtu bila salamu unaulizwa umelelewa wapi.

Na kahawa ya mwalimu nayo ipo. 2008 Elizabeth Dunn na wenzake kule Canada waliwapa watu asubuhi bahasha yenye dola 5 au 20, nusu wakaambiwa jinunulie kitu chako, nusu wakaambiwa mtumie mtu mwingine, jioni wakawauliza hali. Waliowatumia wengine walikuwa na furaha zaidi na kiasi hakikuwa na maana, tano na ishirini zilileta kitu kile kile. Baadaye Lara Aknin na wenzake waliangalia pia Uganda, nchi yenye kipato cha chini kuliko Canada kwa mbali, na jambo likajitokeza huko huko. Kwa hiyo siyo tabia ya wenye nazo.

Halafu kaka, kuhusu ukuta. Usijilaumu kwamba huna shukrani. Moyo wa binadamu unazoea, ndo kazi yake, unazoea mabaya ili uishi na kwa bahati mbaya unazoea na mazuri. Nyumba imesimama pale pale kila siku kwa hiyo akili inaacha kuiona. Kisichozoeleka haraka ni kile kinachobadilika kila siku na hicho mara nyingi ni watu. Harvard wana utafiti ulioanza 1938, wamewafuatilia wanaume 724 tangu ujana wao, baadhi wa chuo hicho na wengine wa mitaa ya kimaskini ya Boston, mpaka uzee, na Robert Waldinger anayeuongoza amesema mara nyingi kwamba kitu kilichojitokeza wazi kuliko vyote ni uhusiano mzuri na watu, kuanzia furaha mpaka afya ya mwili.

Unaweza kujaribu pia kuandika vitu vya kushukuru. Emmons na McCullough walijaribu 2003, watu wakaandika vitu vitano kwa wiki kwa wiki kumi na wakawa wanaona maisha vizuri zaidi ya walioandika kero. Ila usikimbilie kuandika kila siku, Sonja Lyubomirsky aliona waliohesabu mara moja kwa wiki ndo waliofaidika, wa mara tatu ikawa kama homuweki. Andika Alhamisi usiku basi.

---

Mama_Supu

Mwanangu nakuheshimu na elimu yako lakini hapo kwenye kushukuru naomba niseme kitu.

Mimi nauza supu na chapati, nimezika mtoto wangu wa pili miaka minne iliyopita. Msibani na baada ya msiba kila anayekuja ananiambia shukuru Mungu wengine umebaki nao. Kila mtu. Ikafika mahali nikisikia neno shukuru mwili unasisimka. Nilikuwa siruhusiwi kusema inauma kwa sababu nikisema naambiwa nakufuru. Kwa hiyo mtu akiwa na jeraha usimpe daftari la kushukuru, mpe nafasi aseme. Mimi aliyenisaidia ni mama mwenzangu wa sokoni, kila siku tukimaliza kuosha masufuria tunakaa kwenye ndoo zetu, ananiuliza "leo je?" Namwambia leo vibaya, ananyamaza na mimi. Namwambia leo afadhali, tunaongea bei ya unga. Mwaka mzima. Hajawahi kuniambia nishukuru.

Leo nashukuru mwenyewe, na nikishukuru natoka moyoni.

---

Saiko_Mlimani

Mama pole sana, na asante. Umesema kitu ambacho nilipaswa kukiweka kabla ya vingine vyote, shukrani ya kulazimishwa inakuwa kifuniko.

Na wewe na mama mwenzako mmefanya kwenye ndoo kitu ambacho Zimbabwe kinafanyika kwenye benchi. Kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, alianzisha 2006 pale Mbare, Harare, baada ya mgonjwa wake kujiua kwa kukosa nauli ya kuja hospitali. Nchi ilikuwa na madaktari wa akili wa kuhesabu kwa vidole, yeye akawachukua bibi 14 wa mtaani, wakafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu atatue tatizo moja kwa wakati, wakawekewa benchi la mbao nje ya zahanati. Wala hawakutumia neno la kizungu la sonona, wanatumia la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema mtu ana mawazo, ni kitu kimoja kabisa. Wakaupima mpango huo kwa watu 573, ukachapishwa 2016, baada ya miezi sita waliokaa na bibi waliobaki na dalili za sonona walikuwa chini ya 14 kwa kila mia, upande wa pili waliopata huduma ya kawaida karibu nusu. Bibi na benchi!

---

Njoro_Nax

Wasee salamu kutoka Nakuru. Mimi yangu ni kutembea. Nilikuwa nafanya kazi ya ofisi mchana kutwa nimeketi, jioni naingia matatu naketi tena, nikifika kwa nyumba naketi kwa kochi. Mwili ilikuwa nzito na roho pia ilikuwa nzito. Sasa nikaanza kushuka steji mbili kabla ya kwangu, natembea kama dakika ishirini na tano, siku tano kwa wiki hiyo ni saa mbili na kidogo bila kulipia jimu. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki, so niko karibu kabisa nikiongeza ya Jumapili ya kwenda kanisa kwa mguu. Wiki ya kwanza sikuona kitu, wiki kama ya nne nikaanza kugundua nikifika mlangoni hasira ya ofisi imeisha kwa njia. Bibi yangu alikuwa wa kwanza kunotisi, si mimi.

Na pole mama Supu, umeniguza.

Brathe wa Chanika, usijipe siku ishirini na moja kama wanavyosema watu. Hii kitu inachukua muda.

---

Saiko_Mlimani

Kweli, hiyo ya siku 21 haina mguu. Phillippa Lally na wenzake kule London walifuatilia watu 96 wanaoanza tabia mpya, wastani ulikuwa siku 66 mpaka ijiendeshe yenyewe, wengine 18, wengine makadirio yakafika 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Ninachoshauri uibandike tabia mpya kwenye kitu unachofanya tayari, mfano ukishashika bomba la daladala ndo unasalimia.

---

Binti_Muscat

Habarini ndugu zangu, mi niko Muscat, kazi za ndani, mwaka wa tatu. Mtoto wangu yuko Tanga na mama. Sina kijiwe, sina daladala, kutoka ni Ijumaa tu na kipindi cha joto hata hiyo Ijumaa hutoki mpaka jua lizame.

Nilichofanya mimi ni voisi. Zamani nilikuwa nampigia mtoto nikipata nafasi, mara yuko shule, mara amelala, mara mtandao unakata, nikikata simu nalia. Sasa tumekubaliana kila jioni kabla hajalala anarekodi voisi moja, anasema kitu kimoja cha leo, chochote, na mi asubuhi nikiamka kabla ya kuingia jikoni naisikiliza na kumjibu. Nasikia mpaka jogoo wa mama nyuma. Siku nzima nafua na kupika na lile neno lake kichwani. Kaka wewe watoto wako chumba cha pili lakini huwaoni wiki nzima, wewe na mimi tunafanana.

---

Baba_Wawili

Dada hapo umenimaliza. Naanza leo.

---

Baba_Wawili

Wakuu nimerudi, ni kama wiki tano zimepita nilisema sitaandika mpaka niwe na cha kusema.

Saa ya mezani nilinunua kesho yake. Simu inalala sebuleni, siku nne tano za kwanza nilikuwa nageuka kitandani kama mtu aliyesahau kitu, mkono unatafuta. Mara mbili nimeamka nikaifuata, naomba radhi kwa nesi. Siku nyingi nalala saa nne na nusu.

Daftari la kushukuru niliandika Alhamisi mbili nikaacha, halikunikaa, labda baadaye. Daftari la Mpambanaji ndo nimelichukua, na nimegundua geti lenyewe nililokuwa naliwazia mwaka mzima ni hela ya miezi minne nikiacha soda na vocha za kubeti mpira, sikuwahi kupiga hesabu.

Daladala sasa. Mwalimu, siku ya kwanza nilivua earphone nikakaa karibu na yule mama wa samaki nikamwambia habari za asubuhi mama, akaniangalia akasema "kumbe unaongea". Miaka tisa! Anaenda Feri kununua samaki anauza Chanika jioni, ana watoto wanne, mmoja yuko chuo cha ualimu, mumewe alipooza upande mmoja na bado yule mama anacheka daladala nzima inamsikia. Mlinzi naye anatoka zamu analala amesimama, sasa namwachia siti. Wiki iliyopita nilichelewa kituoni, nikakuta mama wa samaki amemwambia konda asubiri kijana wa vitenge. Basi limesubiri. Kwa Dar hii basi limenisubiri mimi.

Voisi ndo sijui niseme nini. Mkubwa anarekodi saa mbili usiku kwenye simu ya mama yake, mimi naisikiliza asubuhi baada ya Gongo la Mboto. Siku za kwanza ilikuwa "baba shikamoo nimekula wali" basi. Sasa anaeleza. Juzi anasema "baba leo kuku ameingia darasani, mwalimu anaogopa kuku, amepanda juu ya meza, sisi wote tumemkimbiza kuku halafu kuku akatokea dirishani, halafu mwalimu akasema hamna mtu kusema nyumbani, kwa hiyo baba usiseme". Nilicheka ndani ya basi saa kumi na moja alfajiri mpaka machozi, mama wa samaki ananiuliza nini, nikampa asikilize, akacheka na yeye, siti ya nyuma wakataka kujua. Nimevunja siri ya mtoto mbele ya basi zima.

Mke wangu hajauliza tena lile swali.

---

Nesi_wa_Moro

Kaka nimefurahi sana aisee. Ila saa nne na nusu mpaka saa kumi bado ni tano na nusu, Jumapili usiamke alfajiri ukaanza kupanga matofali, ukishaswali rudi ulale. Na dakika za jua pale Kariakoo hujazitaja.

---

Baba_Wawili

Jua nasimama nalo dada, kuna kijana wa machungwa pale kona tunasimama wote. Jumapili nimekuelewa, ila hii nimemuahidi mkubwa tutatembea mpaka shuleni kwao anionyeshe hilo dirisha.

---

Mwalimu_Mstaafu_Tanga

Mwulize na kuku ni wa nani.